Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya: mdundo na uingie katika tiba ya kiharusi

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

YAH: OMBI LA KUINGIZA MDUNDO NA MUZIKI KATIKA HUDUMA ZA UTENGAMAO KWA WALIOPATA KIHARUSI

Mheshimiwa Waziri,

Naandika barua hii kwa unyenyekevu mkubwa, nikijua kwamba kila dakika utakayoitumia kuisoma ni dakika iliyotoka kwa wajawazito, watoto wachanga, wagonjwa wa kifua kikuu na wengine wengi wanaoitazama ofisi yako kwa matumaini. Kwa hilo naomba radhi tangu mwanzo. Naomba pia, kwa niaba ya sisi tulioko wodini, nikushukuru wewe na waliokutangulia kwa mambo tunayoyaona kwa macho yetu. Mashine za CT-Scan zimefika katika hospitali za rufaa za mikoa, na leo mgonjwa wa kiharusi anapigwa picha ya kichwa bila kusafirishwa hadi Muhimbili. Anayekumbuka hali ilivyokuwa zamani hawezi kulichukulia hilo kuwa dogo.

Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba. Kwa muda mrefu nimefanya kazi katika hospitali za ukanda wa pwani, na sehemu kubwa ya wagonjwa wangu ni watu waliopata kiharusi. Utaratibu nimeufuata. Jambo hili nimelifikisha kwa wakubwa wangu wa kazi, nao walinisikiliza vizuri wakanieleza kwa uungwana kwamba pasipo mwongozo kutoka wizarani hawana pa kulishikia. Ndiyo maana, kwa idhini yako, naliweka mbele yako hadharani.

Ombi lenyewe nalitaja mapema ili nisikuchoshe. Tunaiomba wizara yako tukufu ielekeze kwamba mdundo na muziki viwe sehemu ya kawaida ya mazoezi ya kumrudishia mgonjwa wa kiharusi uwezo wa kutembea na kutumia mkono, katika kila hospitali yenye mtaalamu wa mazoezi tiba, na baadaye nyumbani kwa mgonjwa mwenyewe.

Mheshimiwa Waziri, ukubwa wa ugonjwa huu unaufahamu kuliko mimi. Naomba tu nikukumbushe utafiti mmoja ambao nchi yetu ina haki ya kujivunia. Kuanzia Juni 2003 hadi Juni 2006, watafiti wa Tanzania na Uingereza, akiwemo Profesa Richard Walker, walikitafuta kiharusi ndani ya jamii yenyewe, katika Wilaya ya Hai na katika Jiji la Dar es Salaam, bila kungoja wagonjwa wafike hospitalini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet Neurology. Walipata watu 636 waliopatwa na kiharusi. Hesabu ziliporekebishwa ili umri wa watu wetu ulinganishwe na wa dunia nzima, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Dar es Salaam wapatao 316. Kiwango hicho cha Dar es Salaam kilizidi vya nchi nyingi tajiri. Presha isiyogunduliwa, au iliyogunduliwa ikaachwa bila dawa, ndiyo chanzo kikubwa tunachokutana nacho kila siku.

Wapo wanaofariki katika siku za mwanzo, na Mwenyezi Mungu awarehemu. Barua hii inawahusu wanaobaki. Wengi wao hubaki na upande mmoja wa mwili uliolegea, na baadaye ukakakamaa. Mgonjwa anaposimama, mguu uliopooza huchelewa kunyanyuka, huburuzwa, kisha hutua kwa wasiwasi. Mguu mzima nao hukimbilia kuupokea uzito kabla haujabebwa sawasawa. Mkono hujikunja kifuani. Mvuvi haingii tena chomboni. Mama lishe hawezi kuushika mwiko. Binti wa nyumba huacha masomo au biashara yake amhudumie baba, na hivyo kiharusi kimoja hulaza watu wawili.

Hospitalini tunampa mgonjwa tunachoweza. Lakini, Mheshimiwa, sote tunajua namna wodi zilivyo. Vitanda vinahitajika. Mgonjwa hulala siku chache, presha ikitulia huruhusiwa, na karatasini huandikwa aendelee na mazoezi nyumbani. Ni mazoezi gani, kwa kipimo gani, mara ngapi, na nani atakayemsimamia? Mara nyingi maswali hayo hubaki bila majibu. Nauli ya kumrudisha kliniki humshinda ndugu, wiki zinapita, na miezi ya mwanzo, ambayo ndiyo ubongo hujifunza upya kwa wepesi zaidi, inapotea akiwa amekaa barazani.

Hapo ndipo mdundo unapoingia, na naomba ruhusa nieleze unavyofanya kazi.

Kutembea ni kazi ya kupangilia wakati. Misuli ya nyonga, paja, goti na kifundo hulazimika kuamka na kupumzika kwa zamu, kila mmoja kwa nukta yake. Kiharusi kinapoua sehemu ya ubongo inayotoa amri hizo, nguvu hupungua, na pamoja na nguvu hupotea zile zamu. Lakini sikio lina njia zake. Sauti hushuka hadi kwenye shina la ubongo, ambako zipo nyuzi zinazoelekea uti wa mgongo na misuli. Hupanda pia hadi sehemu za ubongo zinazopanga mwendo. Wanasayansi waliopiga picha za ubongo wa watu waliolala kimya wakisikiliza mapigo waliona sehemu hizo za mwendo zikiamka, ingawa hakuna kiungo kilichotikisika. Na pigo la kwanza na la pili yakishasikika, ubongo unajua la tatu litaanguka lini. Mguu unapata taarifa mapema na kujiandaa.

Jambo hili jamii zetu zimeliishi kwa karne nyingi. Wanawake wawili wakitwanga katika kinu kimoja, michi yao hupishana bila kugongana hata mazungumzo yakiwa yamekolea, kwa sababu masikio yameshika mshindo na mikono inaufuata. Tiba hii inampa mshindo wa nje mgonjwa ambaye mshindo wake wa ndani umevurugika.

Mheshimiwa Waziri, najua wizara haiongozwi kwa hisia, na haipaswi. Ushahidi upo. Katika Chuo Kikuu cha Colorado State nchini Marekani, Michael Thaut, mtafiti aliyetokea katika muziki, alishirikiana na daktari wa mfumo wa fahamu Gerald McIntosh na wenzao kuupima mdundo kama dawa inavyopimwa. Mwaka 1997 walichapisha matokeo ya wagonjwa 20 wa kiharusi. Waliotembezwa kwa mdundo kwa wiki 6 walipiga hatua ndefu na za kasi zaidi kuliko waliofanya mazoezi ya muda ule ule bila mdundo. Mwaka 2007 Thaut na wenzake walitoa utafiti mkubwa zaidi wa wagonjwa 78, Marekani na Ujerumani. Kila kundi lilifanya mazoezi kwa wiki 3, na waliopima matokeo hawakujua nani alikuwa kundi gani. Kundi la mdundo liliwashinda wenzao waliofanyiwa mazoezi ya njia ya Bobath, ambayo hata sisi tumefundishwa vyuoni: liliwashinda kwa kasi, kwa urefu wa hatua, kwa idadi ya hatua kwa dakika, na kwa kulingana kwa mguu wa kulia na wa kushoto.

Kuhusu mkono, mwaka huo huo wa 2007 nchini Ujerumani, Sabine Schneider, Eckart Altenmüller, Thomas Münte na wenzao waliwapa wagonjwa 20 kinanda cha umeme na ngoma za kielektroniki. Hakuna aliyekuwa mpigaji. Walifanya vipindi 15 vya nusu saa katika wiki 3, juu ya tiba yao ya kawaida. Mikono yao iliongezeka wepesi, usahihi na ulaini wa mwendo kuliko ya wagonjwa 20 waliopata tiba ya kawaida peke yake. Sababu inaeleweka. Mgonjwa anayenyanyua mkono hewani hajui kama amefanya vizuri. Anayepiga ngoma anasikia. Pigo likichelewa, sikio lake linamwambia papo hapo, naye anajirekebisha bila kuambiwa na mtu. Halafu hachoki upesi, kwa sababu anachokifanya kina ladha. Na mkono wa kiharusi haurudi bila kurudia mwendo mmoja mara nyingi mno.

Upo pia moyo wa mgonjwa. Nchini Finland, Teppo Särkämö na wenzake walichapisha mwaka 2008 utafiti wa wagonjwa waliosikiliza muziki wanaoupenda angalau saa moja kila siku kwa miezi miwili baada ya kiharusi. Kumbukumbu ya maneno na umakini wao vilirudi vizuri kuliko vya waliosikiliza vitabu vilivyosomwa kwa sauti au wasiopewa chochote, na hawakuzama katika huzuni kama wale wasiopewa chochote. Anayefanya kazi yangu anajua kwamba mgonjwa aliyekata tamaa hatembei, hata mguu wake ukiwa na nguvu za kutosha.

Sitaki kukuficha lolote, Mheshimiwa, kwa maana kiongozi anayeombwa jambo anastahili kuelezwa pande zote. Mwaka 2017 jopo la Cochrane lilikusanya majaribio 29 yenye watu 775 waliopata madhara ya ubongo, wengi wao kwa kiharusi. Lilihitimisha kwamba muziki wenye mdundo unaweza kuwasaidia kutembea, likasisitiza kuwa tafiti nyingi ni ndogo na zinahitajika bora zaidi. Mwaka 2018 watafiti wa Barcelona waliongeza muziki katika tiba ya mkono ya wagonjwa 40, na makundi yote mawili yakapata nafuu ya mkono iliyolingana. Kwa mguu ushahidi ni imara zaidi kuliko kwa mkono. Na muziki hauzibui mshipa wala haushushi presha. Dawa zinabaki pale pale. Tunachokiomba ni nyongeza salama, ya gharama ndogo, katika mazoezi ambayo tayari mgonjwa anapaswa kuyafanya.

Kwa ruhusa yako, nieleze kazi hii inavyofanyika mikononi mwetu.

Alikuwepo mzee mmoja, fundi seremala, aliyepooza upande wa kulia. Alipoanza kusimama alikuja na raba zake za siku zote. Baada ya muda mfupi raba ya kulia ilikuwa imelika nchani, kwenye kidole gumba, mpaka kitambaa kikaonekana, kwa sababu ya kuburuzwa sakafuni. Ya kushoto ilikuwa nzima kabisa. Tulipima presha, tukamfunga mkanda wa kiunoni wa kumshikia, tukamwomba atembee kati ya vyuma viwili vya kushikia kama anavyoweza, nami nikahesabu. Zilikuwa hatua 48 kwa dakika, moja ndefu na moja fupi. Nikafungua kwenye simu programu ya bure ya kupigia mapigo, metronomu, nikaiweka kwenye 48, yaani kasi yake mwenyewe. Kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kumfuata mgonjwa pale alipo.

Mwanzoni alimsikiliza kila mtu isipokuwa simu. Binti yake alikuwa anamwambia nyanyua, mimi namwambia kisigino, yeye anaangalia miguu. Tukanyamaza wote. Yakabaki mapigo peke yake, na safari ya tatu kati ya vyuma kisigino cha kulia kikaanza kutua juu ya pigo. Sikuhitaji kuangalia ili nijue. Mburuzo ulikuwa umepungua na sauti za viatu viwili zilikuwa zimekaribia kulingana. Alipozoea niliongeza mapigo kwa asilimia 5, siku nyingine tena kidogo, na mwisho wa kila kipindi nilipunguza sauti taratibu mpaka ikaisha, ili aendelee kutembea na mdundo alioubeba kichwani. Baadaye mpwa wake alileta ngoma ndogo, akawa anampigia nyumbani jioni kwa kasi niliyomwandikia kwenye daftari.

Mzee huyo bado anatembelea fimbo. Mkono wake haukurudi kushika randa. Lakini anakwenda msikitini kwa miguu yake na kurudi bila mtu wa kumshika, na binti yake amerudi kwenye genge lake sokoni. Siwezi kuapa kwamba mapigo peke yake ndiyo yaliyofanya hayo. Naweza kusema kwamba mazoezi yale yale bila mapigo yalikuwa yamemchosha na kumkatisha tamaa, na kwamba kwa mapigo alikuwa ananikumbusha yeye mwenyewe saa ikifika.

Mheshimiwa Waziri, nchi tajiri zinaanza kuuza teknolojia ya jambo hili. Marekani kuna kifaa chenye vihisi vinavyofungwa kwenye viatu na programu inayobadilisha muziki kadiri mgonjwa anavyokanyaga. Matokeo ya majaribio yake yalichapishwa mwaka 2024. Tunawapongeza. Sisi, hata hivyo, tuna utajiri ambao wao wanautengeneza kiwandani. Wazaramo wana mdundiko, ngoma inayochezwa kwa kutembea, watu wakiifuata mtaa hadi mtaa. Pwani yetu ililea beni, iliyojengwa juu ya mwendo wa gwaride, hata mwanahistoria Terence Ranger akaiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Ziwa Nyasa kuna mganda, nao ni wa kukanyaga kwa mistari. Kayamba hushikwa kwa mikono miwili, kwa hiyo mkono mzima unaufundisha mgonjwa mwenzake. Marimba za Wagogo huchezwa kwa vidole gumba, na kidole gumba ndicho kinachomsumbua mgonjwa wa kiharusi anapotaka kufunga kifungo cha shati. Waswahili walisema mcheza kwao hutunzwa. Ngoma hizi ziko kwao, na wagonjwa wetu wanazijua tangu utotoni.

Wataalamu tunao pia. Moshi, pale KCMC, wanafundishwa wataalamu wa mazoezi tiba na wa tiba kwa vitendo. Bagamoyo kuna TaSUBa, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, ambako vijana wanasomea ngoma na muziki. Hawa na wale wote wanasomeshwa na taifa hili hili, na mgonjwa wa kiharusi ndiye anayeweza kuwakutanisha darasani.

Kwa heshima na taadhima, basi, naomba kuwasilisha mambo manne.

La kwanza ni mwongozo. Tunaomba mazoezi ya kutembea kwa mdundo yaandikwe katika miongozo ya taifa ya utengamao: nani anafaa, nani hafai, namna ya kuhesabu hatua, kiasi cha kuongeza mapigo, na tahadhari za presha na kuanguka. Kurasa chache zinatosha. Mtaalamu aliye peke yake katika hospitali ya wilaya akiwa na kurasa hizo zenye muhuri wako, hakuna atakayemuuliza kwa nini ngoma iko wodini.

La pili ni mafunzo. Tunaomba vyuo vinavyofundisha mazoezi tiba na tiba kwa vitendo vipewe kipindi cha tiba ya mdundo katika mitaala yao, na sisi tulioko kazini tupewe mafunzo mafupi. TaSUBa ikialikwa kushirikiana, wapigaji watajifunza kumpigia mgonjwa kwa kasi ya mgonjwa, jambo linalohitaji nidhamu kuliko kupigia jukwaa. Najua afya si jambo la Muungano. Hata hivyo naomba kwa unyenyekevu uzungumze na mwenzako wa Zanzibar, ambako Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kimekuwa kikifundisha tangu mwaka 2002, ili visiwa navyo vishirikishwe.

La tatu ni nyumba ya mgonjwa. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, nao ni neema kubwa. Mhudumu anayepita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za chanjo na presha anaweza kufundishwa kuhesabu hatua za mgonjwa kwa dakika moja, kumwonyesha ndugu jinsi ya kupiga makofi au debe kwa kasi hiyo, na kumtambua anayehitaji kurudishwa hospitalini. Mgonjwa asiye na nauli atakuwa amefikiwa. Na kwa kuwa tunayo tangu mwaka 2023 Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, tunaomba vipindi vya utengamao vihesabiwe ipasavyo katika kitita, ili mgonjwa asilazimike kuchagua kati ya mazoezi na unga.

La nne ni utafiti wetu wenyewe. Karibu ushahidi wote niliokutajia umetoka Ulaya na Marekani, kwa vinanda na muziki wa huko. Tunaomba Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na vyuo vikuu vyetu viombwe kuupima mdundo kwa ngoma zetu, kwa wagonjwa wetu, katika hospitali za mikoa na vijijini. Hai na Dar es Salaam zilishaionyesha dunia kwamba tunaweza kuhesabu viharusi vyetu. Tunaweza pia kuhesabu hatua.

Ninafahamu, Mheshimiwa, kwamba yapo mashaka ya haki. Wapo watakaosema wodi ni mahali pa utulivu. Ni kweli, kazi hii hufanyika katika chumba cha mazoezi au uani, kwa sauti ya kadiri, kwa nusu saa. Wapo ambao imani yao haiwaruhusu ngoma za aina fulani, na tuna wajibu wa kuwaheshimu. Mgonjwa ndiye anayechagua: mmoja atatembea kwa dufu na kaswida, mwingine kwa kwaya, mwingine kwa taarabu au rumba ya zamani, na asiyetaka chochote kati ya hivyo atatembea kwa makofi au metronomu tupu, ambayo nayo imetumika katika tafiti. Kinachotakiwa ni pigo linalosikika wazi, lisiloyumba, lililo karibu na kasi ya mgonjwa. Kwa hiyo singeli, ambayo mapigo yake huzidi 200 kwa dakika, tunawaachia wajukuu. Na wapo watakaouliza fedha zitatoka wapi. Simu tunazo, ngoma zipo, wataalamu wapo kwenye orodha ya mishahara. Gharama kubwa ni muda wa mafunzo.

Mwezi Mei 2023, katika Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, nchi wanachama, yetu ikiwemo, zilipitisha azimio la kuimarisha utengamao ndani ya mifumo ya afya, kuanzia huduma za msingi. Shirika la Afya Duniani linasema watu bilioni 2.4 wanaishi na hali ambazo utengamao ungewasaidia, na kwamba katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati zaidi ya nusu ya wanaouhitaji hawaupati. Ombi letu halikutoi nje ya njia uliyokwisha kuishika. Linaongeza hatua moja katika njia hiyo hiyo.

Naomba radhi tena kwa urefu wa barua hii, na kwa lolote nililolisema pasipo adabu inayokustahili. Sina ninachojiombea. Nakuomba uwaagize wasaidizi wako wakutane na wataalamu wa mazoezi tiba wa hospitali za mikoa, watusikilize, waone wagonjwa wakitembea na mapigo na bila mapigo, kisha wakushauri kwa walichokiona. Tukionekana hatuna hoja, tutarudi kazini kwa utii. Tukionekana tunayo, tunaomba mwongozo utoke mapema, kwa sababu mgonjwa wa kiharusi ana miezi michache ya kujifunza kutembea upya, na kwa wengi waliolazwa leo miezi hiyo imekwisha kuanza kuhesabika.

Mheshimiwa Waziri, naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa,

Mtaalamu wa mazoezi tiba,
Ukanda wa Pwani.